Jogoo wa Bi Mwanakheri

Mwaka umetimia, Baba, tangu Machi ile ya 1975 tulipokuzika hapa kijijini kwetu, njia ya Mikumi, ukiwa umenyamaza kwa mara ya kwanza maishani mwako.

Mzee wetu Gabrieli Melkizedek, mwana wa kibarua wa reli ya Kilosa, ulikuwa mkarimu na mbishi kwa kipimo kimoja. Majembe yote ya shamba la ujamaa uliyatia mipini wewe, na kijana aliyesahau kukupa shikamoo alipata lake mwisho.

Kisha daktari akasema saratani imeshasambaa. Sisi tukakuambia ni vidonda vya tumbo; ukaitikia, maana hukupenda kutuaibisha. Wageni walinong'ona. Walimuuliza Mama, nawe umekaa pale pale, kama umekula, utadhani masikio nayo yamekwenda na ugonjwa. Ulimboka, balozi wetu wa nyumba kumi, akakuondolea majembe, eti upumzike. Ulipumzika mpaka ukanuna.

Hayo uliyameza. Lililokukwama kooni ni Bi Mwanakheri, mtani wako. Yeye Msagara, wewe Mnyamwezi. Miaka ishirini hakupita mlangoni bila kuicheka miguu yako mikubwa. Siku ile alileta uji, akaketi ukingoni mwa mkeka, akakupa pole kwa sauti ya kanisani. Alipoondoka ulimgeukia Mama.

"Basi nimeshakufa," ulisema. "Mwanakheri kaniita kaka."

Ulilia, Baba.

Kesho yake ulishika fimbo, ukajikokota hadi uani kwake, ukipumzika mara tatu njiani, ukamkamata jogoo wake, kama mila inavyomruhusu mtani. Bi Mwanakheri alitoka na mwiko mkononi. Tuliogopa atakupa pole nyingine.

"Mnyamwezi mwizi wewe," alisema. "Ugonjwa umekula nyama yote, umeuacha wizi."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Jogoo aliliwa siku ile ile, ingawa wewe uliweza vijiko viwili tu vya mchuzi. Tangu hapo alikuja kila siku kukusema, na nyumba ikapata kelele zake tena. Hata Ulimboka alirudisha majembe. Ulitia mipini sita. Mitatu ilipinda, watu wakakuambia imepinda, ukafurahi sana.

Siku ya maziko Bi Mwanakheri alishuka kaburini, akalala, akakataa kutoka mpaka arudishiwe jogoo wake. Mama alicheka huku machozi yakimtoka.

Juzi Mama alimpelekea jogoo mwekundu, mnene. Bi Mwanakheri akamrudisha.

"Nikimpokea," alisema, "yule Mnyamwezi nitamtukana kwa lipi?"

Unakumbukwa na mkeo Agnesi, wanao Natalia na Paulo, wajukuu zako, na mtani wako, ambaye hadi leo hapiti mlangoni bila kukuita mwizi. Hatutakusahau kamwe, Baba. Hata tukitaka, Bi Mwanakheri hataturuhusu.