Poda Haikuwa na Kosa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kambi mliyohamia ina maji ya kutosha na mgongo wako umepata nafuu, maana mara ya mwisho ulisema kitanda cha turubai kimekufanya utembee upande upande kama kaa. Huku kwetu hatujambo. Shemeji yako anakusalimu, na bado anakoroma, kwa hiyo ujue yuko salama. Mwanao Chiriku ni mzima, na safari hii nikisema mzima sikutulizi moyo tu. Ameongezeka nusu kilo. Jana alipanda ngazi za shule mbio, akashuka, akapanda tena ili nimwone vizuri.

Najua utashangaa kupata barua wakati kila Jumapili tunaongea kwa simu. Simu ya kambini inakatika katika, na haya sitaki yakatike katikati. Iko sababu nyingine pia, utaikuta huko chini. Nakuomba ukae kitako, usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Unakumbuka uliponiachia mtoto ukaenda kupima barabara zako, ulinikabidhi na karatasi ya daktari: asile gluteni, ile iliyomo kwenye ngano, shayiri na jamaa zao, hata chembe, kwa sababu inamjeruhi utumbo. Mimi niliyeoka mikate ya ngano miaka ishirini nikageuka mlinzi dhidi ya ngano. Nilinunua sufuria zake, chekeche lake na mwiko wake, nikavipaka rangi nyekundu kwenye mipini. Shemeji yako akigusa mwiko mwekundu, Chiriku alikuwa anampigia kelele kama polisi. Miezi miwili ya kwanza alikula wali, viazi na maharage, akanawiri.

Kisha akaanza kutamani mkate. Kila mtoto darasani ana mkate, yeye ana kiazi. Roho iliniuma, dada. Nikasema mwokaji mzima nishindwe mkate wa mtoto mmoja? Nikasaga mchele mwenyewe, nikaoka, kikatoka kitu kinachomeguka kama udongo mkavu, kwa kuwa gluteni ndiyo inayoushika unga. Muuzaji wa vifaa vya uokaji akanishauri niongeze kijiko kimoja cha poda nyeupe iitwayo zanthani, ile wanayotia hata kwenye sosi na aiskrimu ili ziwe nzito. Nikatia. Mkate ukashikana, ukaumuka, ukakatika vipande bila kumeguka. Chiriku aliubeba shuleni kwa mikono miwili.

Baada ya wiki tatu maumivu ya tumbo yakarudi. Akawa mweupe midomo, akaacha kuongea mezani, na wewe unajua mtoto tuliyempa jina la Chiriku akinyamaza nyumba inakuwaje. Mara moja nikaishuku ile poda. Mchele naujua, chumvi naijua, poda ndiyo mgeni. Nikawaandikia wenye kiwanda. Wakajibu kwa adabu kwamba poda hutengenezwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyolishwa sukari, na kwamba vyao hulishwa sukari ya mahindi, na kila mzigo hupimwa gluteni kabla ya kutoka. Shemeji yako akasema basi wiki zote hizi tumekuwa tukila jasho la wadudu. Hatukucheka sana, mtoto alikuwa amelala kochini amejikunja.

Poda ilipotoka katika orodha, nikabaki na mtuhumiwa mmoja. Nikapekua mkoba wa shule wa Chiriku, nikakuta karatasi ya biskuti za ngano. Akasema ni ya mwenzake wa dawati, yeye aliiokota tu. Sikumwamini. Jumapili ile nikakwambia kwenye simu mwanao anakula kwa siri. Alipokuambia hajala, ukamkemea mpaka akaweka simu mezani na kuiacha ikiongea yenyewe. Ukaniambia samaki mkunje angali mbichi, na kwamba muhula ukiisha utampeleka kwa shangazi yake mkali, kwa kuwa mimi ninamdekeza.

Wiki iliyopita kipimo cha damu kilionyesha bado anapata gluteni, tena si kidogo. Hospitalini wakatuelekeza kwa mtaalamu wa lishe, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba. Nilimpelekea kikapu kizima cha pakiti, na juu kabisa nikaweka chupa ya poda. Nikuambie kweli, bado nilikuwa natamani iwe poda. Akasoma kila pakiti, akaishika ile chupa, akasema haina neno kwa mgonjwa wa gluteni, ila nisizidishe kijiko maana huleta gesi. Kisha akasogeza mafaili pembeni na kuniambia nikande mkate pale pale juu ya meza yake, bila unga, kwa mikono mitupu, kama nifanyavyo nyumbani.

Nilijiona mjinga kama mtoto anayecheza kupikapika. Nikachanganya hewa, nikaigeuza mezani. Hapo akanisimamisha, akaniuliza nimenyunyiza nini. Nikamjibu sijanyunyiza kitu. Akaniomba nirudie. Nikarudia, na safari hii niliutazama mkono wangu. Ulijiendea wenyewe upande wa kulia, juu kidogo, ukachota kwa vidole vitatu, ukatapanya mezani, ukarudi.

Dada, unajua pale kulia juu kuna nini jikoni kwangu. Ni kopo la marehemu mama. Lina unga wa ngano wa mikate ya shemeji yako, na limekaa kwenye rafu ile tangu niolewe. Mama alitufundisha kwamba meza huamshwa kwanza kwa kunyunyiziwa unga, ndipo donge lishuke. Wewe uliyesahau kuiamsha ulipigwa kwenye vidole hadi ukaapa hutaoka tena maishani. Mimi niliyeshika mafunzo nimeiamsha kila meza niliyoikuta kwa miaka ishirini, na kila Jumatatu na kila Alhamisi nimeuamshia mkate wa mwanao meza kwa ngano, huku vyombo vyekundu vimepangwa pembeni vikinitazama. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliwaandikia watu wa kiwandani kuwatuhumu, na sumu ilikuwa kwenye vidole vyangu.

Sikutupa kopo la mama, nisamehe, sikuweza. Nimeliosha, sasa lina vifungo. Ngano imehama nyumbani kwetu kabisa, na shemeji yako anakula mkate wake kazini. Poda bado iko jikoni, na mkate wa sasa meza yake inaamshwa kwa unga wa mchele.

Lakini lililobaki ni zito kuliko hilo. Jioni ile ile nilimkalisha Chiriku nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Hakulia. Alikwenda chumbani akaniletea daftari. Ndani amebandika karatasi kumi na nne za biskuti na pipi, zote za wenzake, na kila lilipo neno ngano au shayiri amelizungushia kalamu, kama alivyoniona mimi nikisoma pakiti dukani. Chache zisizo na maneno hayo amezichorea jua dogo. Hizo, alisema, ni za kumwomba mama akirudi. Ile karatasi niliyomnyang'anya imeachiwa nafasi yake tupu.

Nililia, dada, wala sikujificha. Yeye akaniuliza jambo moja tu: kama sasa na wewe utaamini. Nikamwambia nitakueleza Jumapili. Akasema hapana, ile Jumapili alisema kweli kwenye simu na haikusaidia, safari hii iandikwe.

Basi imeandikwa. Mwanao hakula kitu kwa siri, hata siku moja. Mimi ndiye niliyemlisha, na mimi ndiye niliyemsingizia. Ukiona afadhali aende kwa shangazi yake, nitamfungia nguo bila kinyongo, lakini asiende kama adhabu, kwa sababu hana kosa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wasalimie wenzako wote wa kambini, hasa yule mpishi wenu anayeunguza uji. Jitunze mgongo. Jumapili ukipiga, usiombe kuongea na mimi kwanza, omba kuongea naye.

Namalizia hapa, maana mwanao amesimama nyuma ya kiti changu tangu mwanzo. Ameisoma yote. Hajabadilisha neno. Ananiambia tu nisisahau kutia sahihi, isije ikaonekana ameiandika yeye.

Ni mimi, mdogo wako,
mwenye mkono