Prosesa ya Shangazi Foibe Haiingii

Mbinga, Jumapili, Juni 2012. Alasiri.

Ukungu umekaa mjini tangu asubuhi na baridi ya mwezi huu haina huruma hata kidogo. Nimevaa sweta mbili. Nimekaa kitandani, nimeinuka, nimetoka uani kuitazama kahawa ya mama ambayo haikauki, nimerudi ndani, nimekaa tena. Mama ameniuliza kama nimekalia siafu.

Sijakalia siafu. Nimedanganya mtu mzima, na mwisho wa kurekebisha jambo hilo ni kesho.

Ngoja niandike kwa mpangilio, labda moyo utatulia. Naandika kwa simu, kwa hiyo makosa ya herufi mtanivumilia.

Mimi ni mchapaji kwenye duka la steshenari hapa mjini. Kutwa nachapa barua za watu, katiba za vikundi, mitihani ya shule, na mashine yenyewe si yangu. Saa kumi na mbili jioni naambiwa nizime. Tangu mwaka jana nimejiapiza kuwa na kompyuta yangu, tena siyo ya kununua imeshakamilika, ila ya kuunga mwenyewe kifaa kwa kifaa, nijue kila waya umetoka wapi na unakwenda wapi. Mafundi wa hapa mjini wamenicheka hadi wamechoka. Wanasema mwanamke akishika bisibisi ujue redio imeharibika na mume hayupo.

Basi nikakesha siku nyingi nasoma kwenye simu. Nikajua kwamba vifaa hivi vina ukabila wao. Ubao mkubwa, ule ambao kila kitu kinachomekwa juu yake, wenyewe wanauita mazabodi, haupokei prosesa yoyote unayouletea. Na prosesa ndiyo akili ya mashine, kidude cha mraba kidogo kuliko biskuti. Ikiwa ubao ni wa pini 775, basi prosesa iwe ya 775. Nikaandika namba zote kwenye karatasi, nikaikunja, nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani.

Halafu nikafanya upumbavu.

Kwetu jambo kubwa halifanywi na mtu mmoja. Harusi tunachangishana, msiba tunachangishana, mtoto akienda kidato cha tano tunachangishana. Mimi nami nikachangisha kompyuta. Kaka Osmund, anayefanya kazi kule Ngaka kwenye makaa ya mawe, akachukua mazabodi, akaipata kwa mwenzake ambaye hakuihitaji tena. Mama akatoa kasha la nje na kifaa cha kuingizia umeme. Shangazi Foibe, dada yake marehemu baba, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kule Liuli, akasema hiyo akili ya mashine mwachieni yeye.

Aliniuliza vizuri kabisa kwenye simu, "Skola, nikuletee ya aina gani?"

Na mimi, mwenye karatasi ya namba mkononi, nikamjibu, "Yoyote tu shangazi, nitashukuru."

Sasa ningemwambiaje? Mtu anakupa zawadi, wewe unamsomea masharti? Nimelelewa nikipewa kitu nipokee kwa mikono miwili na nipige goti. Hata ukipewa kiatu cha mguu mmoja unasema asante, utaujua ukweli chumbani. Kaka Osmund naye nilimjibu hivyo hivyo, ila kwake bahati ilinikuta, ubao aliouleta ulikuwa ule ule niliouandika. Nikadhani bahati ni tabia yangu.

Jumanne iliyopita shangazi alikuwa Songea, kwa binti yake, amepeleka mzigo wa usipa sokoni. Akaingia duka la kompyuta, kanga kiunoni, akamwambia mwenye duka ampe iliyo mpya kuliko zote, tena asimletee ujanja wa mjini. Jumatano kifurushi kikafika na basi. Nilikifungua hapo hapo. Kizuri jamani! Kinang'aa, kimefungwa kwenye plastiki yake, hakijaguswa na mtu.

Ni cha pini 1155.

Kwa macho huwezi kuvitofautisha, ukubwa ule ule. Lakini vipengo vya pembeni vimekaa mahali tofauti, na ukilazimisha unapinda pini za ubao na ubao wenyewe unakufa. Nilikishika juu ya tundu lake muda mrefu nikijiambia labda, labda. Nikakirudisha kwenye plastiki. Kisha nikalia, siyo kidogo.

Alhamisi shangazi akapiga. "Inafanya kazi?"

Hapo ndipo ningesema. Sekunde moja tu ya aibu ingetosha. Lakini nilimsikia anavyopumua kwa furaha, nikasema, "Inafanya shangazi, tena inakimbia kweli kweli."

Inakimbia! Iko chini ya kitanda, imefunikwa blanketi.

Ijumaa nikampigia mwenye duka kimya kimya. Akasema hana neno, ya 775 anayo, ya zamani kidogo, atabadilisha kama hii haijawahi kufungwa, lakini kwa risiti, na siku saba zinaisha Jumatatu. Nikamwomba anisaidie bila risiti. Akacheka. Risiti iko kwenye mkoba wa shangazi, na kumwomba risiti ni kumwambia zawadi yako naikataa. Jumamosi nzima sikupiga. Nilifua hata nguo safi.

Leo tumerudi kutoka kanisani mama akaniambia, "Shangazi yako amenipigia. Anasema ameomba kanisani huko Songea wamshukuru Mungu kwa kompyuta yako." Akanitazama. "Imewaka wapi, Skola? Mbona mimi nalala humu humu sijaona hata taa?"

Nikamweleza yote. Mama ni Mmatengo wa Litembo, hana maneno mengi. Alisema tu, "Mpigie mwenyewe. Mimi simo." Akaenda kuwasha jiko.

Hiyo ilikuwa saa sita. Nimepiga saa nane na robo. Hayo masaa mawili na robo sitaki kuyaeleza.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu! Vipi mashine?"

Nikasema. Nilisema haraka haraka bila kupumua, pini na namba na vipengo, nikamaliza na risiti. Aliniacha nimalize.

"Kwa hiyo Alhamisi ulinidanganya," akasema.

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe."

"Na namba ulikuwa nayo tangu mwanzo?"

"Nilikuwa nayo."

"Kwa nini hukunipa?"

Nikaanza hadithi yangu ya heshima, kwamba mtu mzima hapangiwi zawadi, kwamba niliona vibaya. Akanikatiza. Shangazi Foibe akikasirika hapandishi sauti, anaishusha.

"Skola, mimi kila mwezi naenda dirishani hospitali na cheti cha dawa za presha. Kimeandikwa majina ambayo hata daktari mwenyewe anayatamka kwa shida. Nampa mtu karatasi, ananipa dawa, nasoma chupa, nalinganisha herufi kwa herufi. Sijawahi kurudi nyumbani na dawa ya mtu mwingine. Hukunipa namba kwa sababu uliniona mwanamke wa usipa, nitaingia dukani nitababaika. Usiniletee heshima hapo."

Nikafungua mdomo kukataa.

Sikukataa.

Kwa sababu ni kweli, jamani. Naandika hapa niweze kuisoma na kesho: ni kweli. Heshima ilikuwepo, sisemi haikuwepo. Lakini chini yake kulikuwa na hilo jingine. Niliwaza atauliza "pini ndiyo nini", niliwaza nitachoka kumweleza, nikaona heri alete yoyote, bahati itaamua. Kaka Osmund nilijiambia ni mwanaume, atajiongeza. Yaani mimi ninayelalamika mafundi wananiona nimeshika bisibisi kwa kupotea njia, nimemfanyia hivyo hivyo dada yake baba yangu.

Nikamwambia nitapanda basi la alfajiri, nimfuate huko huko Songea kwa binti yake, twende wote dukani nikazungumze na yule bwana.

"Usije," akasema. "Nilikwenda peke yangu mara ya kwanza, nitakwenda peke yangu tena. Wewe mpe kondakta hicho kidude, na uniandikie namba kwenye karatasi. Na andika ukiwa umekaa vizuri, mwandiko wako wa kwenye barua unanisumbua."

Akakata. Hakuniaga.

Nimeandika namba. Mara ya kwanza niliijaza karatasi maelezo: shangazi mwambie hivi, shangazi akikuambia vile usikubali, shangazi angalia pembeni. Nimeichana. Mara ya pili nilimwomba msamaha nusu ukurasa. Nimeichana pia, msamaha si kazi ya mwenye duka kuusoma. Ya tatu ina jina la prosesa na 775 peke yake, kwa herufi kubwa za mtoto wa darasa la pili. Nimeifunga pamoja na kifurushi kwa uzi wa kushonea magunia ya kahawa.

Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Litafika kabla ya saa nne. Mimi nitakuwa kazini nachapa barua za watu, macho kwenye simu.

Na bado sijatulia, kwa sababu kuna kitu kimoja kimenikaa mkononi tangu aliponikatia. Namba ya yule mwenye duka ninayo. Naweza kumpigia sasa hivi, dakika moja tu, nimwambie: mama mmoja atakuja asubuhi, mpe ya 775, usimsumbue. Shangazi asingejua kamwe. Kila kitu kingekwenda sawa na kompyuta ingewaka. Nimelibonyeza jina lake mara mbili, mara mbili nimekata kabla haijaita.

Nikiipiga namba ile, nitakuwa nimemjibu shangazi kwamba alichosema ni kweli na bado kinaendelea.

Nimeifuta. Nimeangalia pia kwenye simu zilizopigwa, nimeifuta na huko.

Sasa hata nikitaka siwezi. Akinitumia nyingine isiyoingia je? Ikija, nitaipokea kwa mikono miwili, na safari hii nitamwambia papo hapo kwamba haiingii.