Neno la Pembeni mwa Ubao

Kisauni, Alhamisi jioni

Dada yangu Kanze,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti limekuachia tangu mvua zikatike. Sisi huku tu wazima wa mwili. Moyo wangu ndio haujatulia, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Unajua kwamba Profesa Randu, yule mwanafizikia niliyemsafishia ofisi miaka kumi na tisa, alituacha mwezi wa tatu. Sasa chuo kinaifanya ofisi yake makumbusho, na kesho wageni wanakuja kuifungua. Mkuu wa chuo aliniita leo nieleze kila kilichomo, maana, alisema, afutaye vumbi ndiye ajuaye.

Nikawaeleza yeye na wenzake. Lile jiwe la mezani ni la Mwakirunge, babake alikochonga mawe ya kujengea. Profesa alianza maswali yake huko, alipomwona babake akipiga nyundo ng'ambo ya machimbo na mlio ukachelewa kumfikia. Ile redio isiyo na mgongo aliifungua akiwa darasa la nne, akachapwa, nayo haikusema tena. Na nishani aliyopewa Ulaya, iliyojaa magazetini, yeye aliifanya kabari ya dirisha. Wakacheka sana. Mimi nilitaka kulia.

Kisha tukafika ubaoni. Hesabu zile zilikaa pale miezi minne. Kila Ijumaa, siku yangu ya kuosha ubao, pembeni palikuwa na neno USIFUTE. Huo ndio ulikuwa mkataba wetu: neno likiwapo, sigusi, lisipokuwapo, napitisha kitambaa. Sasa watu wanalisoma neno hilo kama wasia. Kyalo, mwanafunzi wake anayesomea udaktari wa fizikia, ameacha utafiti wake wa miaka mitatu ili afuate mstari wa mwisho wa hesabu hizo. Amekonda mpaka shati linampwaya. Aliniambia kwamba Profesa asingeandika usifute kama jibu halimo mle.

Dada, niseme nini? Ijumaa ile ya mwisho neno halikuwapo. Mwenyewe alikuwa amelifuta, nami nikafuta ubao wote kama desturi. Jumapili akafariki. Niliogopa wataniambia nimeipoteza kazi ya mwisho ya mtu mkubwa, wanifukuze. Jumatatu alfajiri nikaingia kabla ya watu, nikaandika tena alama kwa alama, kwa mwandiko wake ninaoujua kuliko wangu. Mstari wa mwisho sikuukumbuka, nikaumalizia kwa kukisia. Halafu nikaandika USIFUTE.

Njia ya mwongo ni fupi, mama alituambia, na yangu imeishia kwa mtoto wa watu. Kesho, kabla pazia halijavutwa, nitamwita Kyalo kando nimweleze yote, kisha nimwendee mkuu. Wakinifukuza, nitandikie kitanda kwako Mariakani.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na umwambie Fidel asome. Uniombee. Kesho ni Ijumaa; kitambaa nimekifua, kiko mkobani.

Mdogo wako akupendaye,
Mweri