Ukurasa wa Kumi na Nne

Shoga, nimejifungia chooni ofisini kwa baba mdogo. Usipige, atasikia.

Unajua kila asubuhi huwa naazima printa yake, nachapa yale maamuzi ya ofisi ya kazi yaliyo wazi mtandaoni, ya utafiti wangu wa waajiri wanaodhulumu mishahara. Leo ukurasa wa kumi na nne umetoka, na jina lililo juu ni la kiwanda chake cha kufulia. Hiki hiki nilichomo! Wapiga pasi tisa, saa za ziada za miezi saba, aliamriwa awalipe na hajawalipa.

Kabla sijaushika, kaushika yeye.

"Hii umeipata wapi?"

"Iko wazi, baba mdogo. Mtu yeyote anaweza kuisoma."

Akacheka. Naapa, alicheka! "Msomi wangu! Karo nililipa mimi, na hata wino huu ni wangu."

Na ni kweli. Miezi hiyo saba ndiyo aliyonilipia karo ya mwaka wa mwisho. Nimeangalia tarehe mara tatu.

Sasa yuko nje ya mlango, anazunguka tu. Eti utafiti una kurasa nyingi. Eti moja ikipotea, nani atajua. Dirisha hapa ni dogo, halipitishi hata paka.

Shoga, katamka. "Mwanangu, futa jina langu."

Na mimi, ninayekutuma wewe uniulizie bei dukani, nimemjibu humu humu:

"Silifuti, baba mdogo. Walipe."