Muzee Kalenga Iko Muzima

Baba yangu mupenzi,

Nakusalimia na moyo yote. Mugongo iko namna gani? Na macho? Najua kaka yangu, Yaya Ngoie, njo atakusomea hii barua. Basi Yaya, soma polepole, usiruke kitu, na Baba akinyamaza, umuache anyamaze. Ningepiga simu, lakini hii si habari ya simu.

Mi niko muzima. Kazi iko: nafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli moja karibu na kiwanja ya ndege ya Luano. Ndege zinapita juu ya kichwa mpaka madirisha yanatetemeka. Jioni narudi mu kachumba kangu, napika bukari ya muntu mumoja, nakula nikiangalia ukuta. Bantu benye tunapanga nabo mu parcelle moja ni bazuri, lakini kila mumoja na shida yake. Siku nzima inaweza kupita bila muntu kuita jina yangu. Upweke unaniuma, Baba, sitakuficha.

Sasa sikia. Unakumbuka ile foto yenye ulinipa nikitoka kwetu Pweto: ninyi batatu, wakati mulikuwa basoda ba jeshi, pembeni ya ziwa, we katikati, rafiki yako Kalenga kushoto, Simoni na redio ku mugongo. Ulisema nitafute kama marehemu Kalenga aliacha mutoto huku, nimuonyeshe sura ya baba yake. Nikaipeleka kwa mupiga picha wa hapa karibu aifanye kubwa, maana ilianza kufutika. Ye, bila kuniuliza, akaitundika ku dirisha ya studio, kati ya bibi-arusi na batoto ba komunyo ya kwanza, ili bantu baone kama anajua kazi.

Si unajua desturi yetu: foto ya zamani ikifanywa kubwa, ni matanga. Mama mumoja wa mutaa wa Katuba akapita, akaona mu ile foto sura ya jirani yake, muzee mumoja, akarudi kule na kilio. Bantu bakajaa mu parcelle ya muzee, bamama bakifunga bitambaa ku kiuno, bengine tayari na kuni za kukesha. Na muzee mwenyewe amekaa pale mbele yabo, anashona kiatu! Kesho yake akafika pa studio na fimbo, hasira tupu. Mupiga picha akatuma muntu kuniita mbio.

"We njo unanililia?" akaniuliza. "Mi nilikufa lini?"

"Hapana, Muzee. Natafuta tu bantu ba mu ile foto."

"Na we ni nani?"

Nikamuambia naitwa Kalenga. Akaniangalia sana, akauliza nani alinipa ile jina. Nikamueleza yote: siku mulikimbia vita kwenda Zambia, mutumbwi wake ulipinduka mbele ya macho yako, ukafanya matanga, na mi nilipozaliwa ukanipa jina yake ili isipotee. Akakaa chini pa ngazi, kofia mu mikono, akalia mbele ya bantu bote bila haya.

"Na mi nilimulilia baba yako," akasema. "Bavuvi balinitoa mu maji, baliniambia risasi ilimukuta pa bandari."

Kumbe kila mumoja alimulilia mwenzake, na ninyi bote muko bazima! Na Simoni iko Kasenga, anauza samaki, muzee anajua mupaka nyumba yake.

Nilitaka kukupigia simu palepale. Akakataa kabisa: "Muntu mwenye alinililia matanga, nimuongeleshe mu simu? Atasema ni muzimu. Akuje, anishike mukono mbele ya bantu. Hapo njo nitakuwa muzima."

Baba, kifua yake ni mubaya, anakohoa sana. Bibi yake alikufa, batoto beko Afrika Kusini. Kuya, fika huku mbele mvua haijaharibu barabara. Dereva wa lori ya samaki atakuweka mbele, utalala Kasenga kwa Simoni, mukuje pamoja. Najua utasema mugongo. Mugongo utauma hata ukibaki.

Nisalimie Mama, nisalimie Mama Mudogo mwenye kukausha samaki, na bibi ya Yaya Ngoie na kale katoto kake kenye sijakaona.

Kitu kimoja tena, na hiki sijawahi kukuambia. Kalenga alikuwa mukubwa wako mu jeshi, njo maana na mi uliniita Mukubwa tangu utoto. Ulinipa kiti, ulinipa kipande cha kwanza cha samaki, hukunikaripia hata siku moja, na ndugu zangu balicheka. Ilikuwa heshima, najua. Siku ya Mungu, jumapili iliyopita, nilimupelekea muzee sahani ya sombe. Akasema, "Aksanti, mwana wangu." Nikageuka kuangalia nani anaitwa. Baba, nililia njia yote ya kurudi.

Kuya. Ukifika, Mukubwa ni ule wa Katuba. Mi uniite mwana wako.

Mutoto wako wa mwisho,
Kalenga