Sala Iliyomsema Mama Safari

Jumatatu jioni, Maretadu

Kumbe ndama anayekula mahindi yangu ni wangu mwenyewe. Nimemkuta shambani leo asubuhi, anatafuna bila wasiwasi.

Na jana mimi, mzee wa kanisa, nilisimama ibadani nikaomba kwa sauti: "Bwana, mguse jirani yangu Mama Safari, azuie ng'ombe wake." Watu wote wakaitikia amina.

Mchana nikapiga magoti nitubu kimyakimya. Maneno hayakutoka. Mimi, ambaye sala zangu huwachosha hata wachungaji!

Nikaenda kwake. Alikuwa anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniombea tena?"

Nikamweleza yote, nikaomba msamaha. Machozi yakamlengalenga. Tangu jana hakuna jirani aliyepita kumsalimia. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini Jumapili utayasema haya palepale uliposimama."

Nikakubali. Akanishika mkono, akaomba yeye: "Bwana, mtumishi wako leo amesema machache. Msikilize."

Jumapili naiogopa kweli. Ila jioni hii nimeomba, na sikutafuta hata neno moja zuri.