Mkutano Ambao Sikuwepo

Lusambwe, karibu na Mamba
Septemba 1997

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyumba ya walimu, maana ndani joto limezidi. Mjukuu wako Neema yuko pembeni anachambua mchele, na amenishurutisha nikuamkie kwa niaba yake kabla sijaandika neno lingine, kwa hiyo zipokee shikamoo mbili. Sisi ni wazima. Neema ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kucheka mbele ya wageni.

Macho yako yanaendeleaje? Dereva wa lori aliyeniletea barua yako alisema alikuona ukienda kanisani mwenyewe bila kushikwa mkono, nikafurahi sana. Lakini nilipomuuliza kama dawa ya matone uliipata, alibaki kukuna kichwa. Ukinijibu nieleze hilo kwanza. Na kama maandishi haya ni madogo kwako, mpe mdogo wangu Edwini akusomee, ila mwambie asirukeruke. Nataka uisikie yote, kwa sababu kuna swali mwishoni ambalo wewe tu unaweza kulijibu.

Baba, hapa kijijini kuna fundi baiskeli anaitwa Gaspari. Ni mtu wa miaka kama arobaini, mwembamba, amesoma mpaka darasa la saba. Kibanda chake kiko njia panda ya kwenda zahanati. Anachukua mifuko mitupu ya saruji, anaichana, anaikung'uta vumbi, halafu upande wa ndani anaandika habari za kijiji kwa kijiti cha makaa kinachotolewa ndani ya betri kuukuu na kubandika ukutani kwa gundi ya pancha. Nilipofika hapa nilidhani ni matangazo ya kazi yake. Nikasogea kusoma, nikakuta hivi: "Mbuzi mweusi wa Mama Regina amepotea tangu Jumanne. Atakayemwona asimle." Chini yake: "Lori la Mpanda limeharibika gia, wasafiri wasubiri." Na chini kabisa: "Serikali ya kijiji ilikaa jana. Walisema njia ya mashambani itafyekwa. Hawakusema lini. Niliuliza lini, wakasema nisubiri."

Nilicheka peke yangu pale barabarani. Tangu siku hiyo nikawa nikitoka darasani Ijumaa napitia kwa Gaspari kabla sijafika nyumbani. Siku moja nikamuuliza alianzaje.

"Mwalimu," akasema, "kila anayekuja kuziba pancha ananiuliza jambo lile lile. Mkutano ulisemaje, mkutano ulisemaje. Nikaona nikiandika mara moja nitaupumzisha mdomo."

Kumbe kila kikao anakwenda, anakaa nyuma, anasikiliza. Nikamwonyesha kwamba neno halmashauri alikuwa ameliandika "halimashauli". Akanipa kipande cha makaa. "Wewe sahihisha herufi," akasema, "maneno yangu yaache kama yalivyo." Basi ikawa kazi yangu ya Ijumaa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwanzoni mwa mwaka tuliambiwa kijiji kitapewa pampu ya maji ya kusukuma kwa mkono. Tulikutana shuleni, wanaume kwa wanawake, tukanyoosha mikono wote kwamba pampu ikae kando ya zahanati. Unajua kwa nini? Mama akienda kujifungua pale anatakiwa aje na ndoo yake ya maji kichwani, na mwenzake nyuma na ndoo ya pili. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Sadoki, alihesabu mikono mwenyewe na kusema imepita.

Mwezi wa saba mashine ikaja kuchimba. Haikwenda zahanati. Iliingia nyuma ya nyumba ya Bwana Sadoki, ndani ya ua wake wa minyaa, na pampu ikasimikwa hatua chache kutoka jikoni kwake. Ukitaka maji unabisha hodi kwa mwenyekiti, unapita uani kwake, unawasalimia wakwe zake. Watu walinung'unika visimani na mashambani. Mbele yake hakuna aliyesema kitu, mimi nikiwemo.

Gaspari akabandika karatasi yenye mstari mmoja tu, kwa herufi kubwa: "Mkutano ulioihamisha pampu ulikaa lini, na nani alikuwepo?"

Asubuhi tukakuta imechanwa. Akaandika nyingine, nayo ikachanwa. Ya tatu ilipobandikwa, mgambo akaja kumwita ofisini. Alinisimulia mwenyewe yaliyotokea huko. Bwana Sadoki alikuwa amekaa na mtendaji wa kijiji, yule kijana mgeni anayetunza mafaili.

"Nani amekutuma?" mwenyekiti akamuuliza.

"Hakuna. Nauliza tu."

"Wewe ni wa chama gani?"

"Mimi natengeneza baiskeli za vyama vyote, mwenyekiti."

Ili kumnyamazisha wakamfungulia faili. Ndani mlikuwa na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wa mwezi wa tano, umeandikwa vizuri, na orodha ya waliohudhuria. Wakamsomea majina yote, wakamwonyesha na saini. Nadhani waliona jambo limekwisha. Hawakujua kwamba Gaspari ana kichwa cha kushika majina.

Jioni ile akaja nyumbani, akasimama nje hakutaka kuketi. "Mwalimu, mwezi wa tano ulihudhuria mkutano wa pampu?"

"Mkutano gani?"

"Jina lako ni la nne kwenye orodha. Na umesaini."

Akanitajia siku yenyewe. Baba, ilikuwa siku tuliyomzika shangazi Agripina. Nilikuwa huko nyumbani Ikola, nimekushika mkono upande wa kushoto na Edwini upande wa kulia, kwa sababu kaburi lilikuwa kwenye mteremko na wewe ulikuwa huoni vizuri unapokanyaga.

Huenda utafikiri nilikasirika. Hasira ilikuja baadaye. Kwanza nilishikwa na hamu ya kuiona hiyo saini tu, kama mtu aliyeambiwa kuna mwenzake anayefanana naye mji wa pili. Kesho yake baada ya vipindi nikaenda ofisini. Mwenyekiti hakuwepo. Nikamwambia yule mtendaji kwamba muhtasari wa mkutano mkuu ni wa wanakijiji, na mimi ni mwanakijiji, naomba niusome. Aliangalia mlangoni, akaangalia mezani, halafu akautoa.

Nikalikuta jina langu. Saini ilikuwa nzuri kuliko yangu. Aliyeiandika ameipa herufi ya M mkia mrefu unaopinda chini, mimi sijawahi kuandika hivyo maisha yangu yote. Nikaitazama kama mtu anayetazama picha yake asiyokumbuka kupigwa. Halafu nikafungua ukurasa wa pili, na hapo ndipo hasira iliponikuta. Palikuwa pameandikwa: "Mwalimu Modesta aliunga mkono hoja kwa niaba ya akina mama."

Kwa niaba ya akina mama, baba! Wale wanaokwenda kujifungua na ndoo kichwani, mimi ndiye niliyewasemea kwamba pampu ikae kwa mwenyekiti.

"Nani aliandika haya?" nikamuuliza mtendaji.

"Mwalimu, mimi nilihamia hapa mwezi wa sita," akajibu. "Nimeyakuta."

Nikamweleza mwalimu mkuu. Ni mtu mwema, lakini alinisikiliza akiwa amefumba macho. "Modesta, sisi ni watumishi," akasema. "Ukiandikiwa barua ya uhamisho uende usikokujua, na mtoto huyo mdogo, usije kulia kwangu." Nilikaa na maneno yake siku mbili. Nilimwangalia Neema, nikaangalia na mihogo yangu niliyoipanda nyuma ya nyumba, nikajiuliza kama saini moja inastahili yote hayo. Kilichonishinda ni kwamba Ijumaa ilikuwa inakuja. Ningepita vipi pale kwa Gaspari, nikasahihisha herufi za watu wengine huku jina langu mwenyewe likiwa la uongo?

Ijumaa nikaenda. Ile karatasi ya swali ilikuwa bado ukutani. Nikaomba makaa, nikaandika chini yake: "Mimi Mwalimu Modesta sikuwepo. Siku hiyo nilikuwa Ikola kwenye mazishi ya shangazi yangu. Ruhusa yangu ipo shuleni." Neno mazishi nililikosea, nikalirudia.

Mama Regina alikuwa amesimama pale na baiskeli ya mumewe. Akaniomba nimsomee. Nikasoma. Akauliza kama na jina lake limo kwenye orodha, Gaspari akamwambia limo. "Basi niandikie na mimi," akasema. "Andika: Mama Regina, nilikuwa shambani nafukuza ndege kwenye mpunga, na hakuna aliyenijia."

Jumamosi wakaja watatu. Jumapili baada ya ibada Gaspari ilibidi abandike mfuko wa pili, halafu wa tatu. "Nilikuwa Majimoto mnadani." "Nilikuwa nimelazwa, muulizeni mganga." Msukuma mmoja mfugaji, asiyejua kusoma, aliagiza iandikwe kwamba alikuwa anatafuta ng'ombe wake upande wa mbuga, na kwamba ng'ombe walipatikana wote, jambo ambalo Gaspari aliliandika bila kupunguza. Wengine walikuja kuandika kwamba wao walikuwepo kweli, kisha wakiulizwa mkutano ulikaa wapi, wanaondoka.

Jumatatu mwenyekiti akaja mwenyewe. Nilikuwa natoka shuleni nikamkuta. Alisoma karatasi zote tatu, kuanzia juu mpaka chini, mikono iko nyuma. Watu walikuwa wamesimama, hata Gaspari aliacha kugonga ringi. Nilingoja azichane. Aliposoma ya mwisho akageuka, akaniona, akasema, "Mwalimu, pole na msiba." Akaenda zake. Mpaka leo sijui alikuwa ananikejeli au alikuwa anasema kweli.

Siku chache baadaye tukatangaziwa mkutano mkuu, na diwani akaja. Shule ilijaa mpaka madirishani. Bwana Sadoki alisimama akasema kwamba wapimaji walikuja na chombo chao, wakasema pale zahanati chini kuna maji ya moto yenye chumvi, kama yale ya Majimoto. Wakamtaka aonyeshe sehemu nyingine siku ile ile, la sivyo pampu inakwenda kijiji kingine.

"Kwa nini kwako?" Mama Regina akauliza.

"Ndiko nilikokuwa nimesimama."

Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo.

"Na sisi mbona hukutuambia?"

"Fomu ilitaka muhtasari wa mkutano, na watu wote mlikuwa kwenye mpunga. Nikaona niandike, yaishe. Ningekuja kuwaambia habari ya chumvi mngesema nadanganya."

"Sasa ndiyo umedanganya," akasema Mama Regina, na safari hii hakuna aliyecheka.

Diwani alikuwa amekuja na karatasi ya vipimo. Akaisoma kwa sauti. Kumbe ni kweli zahanati maji yake hayafai. Lakini wapimaji walitaja sehemu tatu zinazofaa: nyuma ya kanisa, kando ya ghala, na kwa mwenyekiti. Nyuma ya kanisa ni umbali wa kurusha jiwe kutoka zahanati. Bwana Sadoki aliinamisha kichwa, akabaki anatazama viatu vyake. Nilimhurumia, baba, na sikutegemea kumhurumia.

Shimo haliwezi kuhamishwa. Tukakubaliana ua wa minyaa ukatwe upande wa barabara na ipite njia ya watu wote, isiyopita uani. Kesho yake alikata yeye mwenyewe na wanawe. Uenyekiti ameachiwa mpaka uchaguzi, ingawa wengine hawakupenda. Na tumekubaliana kila muhtasari ubandikwe kwa Gaspari wiki nzima kabla haujapelekwa wilayani, ili mwenye jina lake ajisome. Gaspari amelalamika kwamba ukuta hautoshi.

Mimi mratibu wa elimu ameniandikia nijieleze kwa nini niliandika ukutani. Nimejieleza kurasa mbili. Jibu bado. Ikija barua ya uhamisho nitakujulisha, na nitakwenda.

Sasa swali langu. Mwenyekiti aliposema "nikaona niandike, yaishe", nilikukumbuka wewe. Ulikuwa katibu wa kijiji miaka mingi, na mimi nilikuwa nalala nikikuona mezani umeinama juu ya daftari. Nakumbuka ulikuwa ukimwuliza mama, "Fulani leo alikuja?" na mama anajibu, "Weka tu, huyo hakosi." Baba, uliwahi kuandika jina la mtu ambaye hakuwepo? Sikuulizi kwa ubaya. Nataka kujua ilikuwaje kwa mtu mwema, kwa sababu wewe ndiye mtu mwema ninayemfahamu zaidi. Jibu lolote utakalonipa litabaki kwangu. Gaspari hataliona.

Nisalimie mama mkubwa, mke wa marehemu baba mkubwa, umwambie dagaa alionipa tumewamaliza na majirani. Mshukuru Edwini kwa kusoma mpaka hapa, umsalimie na mke wake, nasikia anatarajia. Katekista naye msalimie, yule aliyemwombea shangazi.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
Modesta